Chaza, Kombe na Kaa: Sumu ya Metali Isiyoondoka kwa Kuchemsha



Shukurani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Kitoweo cha pwani ni katika riziki kubwa tuliyojaaliwa watu wa visiwani. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, kina mama na watoto kutoka Unguja na Pemba hadi Mafia na Lamu hushuka na vikapu vyao kuokota chaza, kombe, tondo na kaa. Nyumba nyingi siku ambayo hakuna samaki hupika hao.

Lipo suali ambalo familia nyingi hujiuliza. Karibu na bandari, au karibu na jaa la taka lililo ufukweni, chaza wanaonekana wazima na wanono. Je, wakioshwa vizuri na kuchemshwa mpaka wakaiva, si wako salama?

Jawabu kwa ufupi ni hili: moto huua vijidudu vya maradhi, lakini hauondoi metali nzito. Chaza aliyejaa risasi au zebaki haoneshi dalili, hanuki, wala ladha yake haibadiliki. Hivyo kinga haiko jikoni. Iko mahali anapookotwa na katika vitu tunavyovitupa baharini. Tutaeleza kwa nini iko hivyo, kisha tutaje yaliyo katika uwezo wetu.

Metali nzito ni zipi?

Tunaposema metali nzito tunakusudia vitu kama zebaki, risasi, kadimi, shaba, zinki na bati. Vyote hivi vimo ardhini kwa asili yake, na maji ya bahari safi huwa na chembe zake kidogo sana.

Si zote zilizo mbaya kwa kila kiasi. Damu ya kaa, kamba, pweza na konokono haibebi hewa kwa chuma kama damu yetu, bali kwa shaba, ndiyo maana huwa na rangi ya buluu. Mnyama huyo hawezi kuishi bila ya shaba. Na chaza, hata wa maji safi kabisa, ni katika vyakula vyenye zinki nyingi kuliko vyote, nayo zinki inahitajika na mwili wa binadamu. Hapa tatizo ni kiasi kuzidi. Ama risasi, zebaki na kadimi, hizo hazina kazi yoyote yenye manufaa mwilini mwetu.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba metali haiozi. Ganda la ndizi likitupwa baharini litaoza. Hata mafuta ya mashine huliwa na vijidudu pole pole. Risasi itabaki kuwa risasi. Itahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope, kutoka kwenye tope kwenda kwenye mnyama, na kutoka kwa mnyama kwenda kwenye sahani, lakini haitatoweka.

Inawaingiaje wanyama wadogo?

Chaza, kome na kombe hawafukuzi chakula. Hukaa mahali pamoja, wakavuta maji, wakayachuja kwa matamvua yao, wakabakisha chembe za chakula na kuyatoa maji. Mnyama mmoja aweza kuchuja lita kadhaa kwa saa, tena kutwa kucha, miezi na miaka. Maji yenye metali kidogo sana, akiyachuja kwa wingi huo, humuachia mwilini kiasi kikubwa kuliko kilichomo majini.

Kaa na minyoo ya matopeni hupata metali kwa njia nyengine. Wao hula vilivyomo ndani ya tope, na tope ndilo ghala la metali. Metali nyingi zikifika baharini hushikamana na chembe laini za udongo na kutua chini, hasa mahali penye maji matulivu kama ghuba, bandari na mikokoni.

Allah (S.W.) amewajaalia viumbe hawa namna ya kujilinda. Ndani ya miili yao zimo protini zinazoikamata metali na kuifunga, na wengine huifungia katika punje ndogo ndogo ndani ya viungo vya kusagia chakula, ili isidhuru viungo vyengine. Lakini ulinzi huo una mpaka wake, na metali iliyofungwa hivyo bado imo ndani ya mnyama. Anayemla mnyama huyo huila pamoja naye.

Kwa sababu hiyo, wanasayansi huwatumia wanyama hawa kama mashahidi. Mwaka 1975, mwanasayansi wa Marekani Edward Goldberg alipendekeza kwamba badala ya kupima maji tu, ambayo hubadilika kila saa, wapimwe kome, kwa kuwa mwili wa kome huweka kumbukumbu ya yaliyopita majini kwa muda mrefu. Marekani ilianza mpango wake wa kitaifa wa upimaji huo mwaka 1986, na njia hiyo imetumika katika nchi nyingi.

Wanaoumia kwanza ni vitoto

Chaza mkubwa aweza kustahamili maji machafu. Kitoto chake hakiwezi. Chaza hutoa mayai na mbegu majini, na ndani ya siku moja au mbili yai hugeuka buu dogo lisiloonekana kwa macho, lenye kiganda chake cha kwanza. Katika siku hizo mikrogramu chache tu za shaba au zebaki katika lita moja ya maji zinatosha kuyaharibu mabuu mengi: ganda halikamiliki, buu halikui, na mwisho hufa. Maabara nyingi hutumia mabuu ya chaza kupimia usafi wa maji kwa sababu hii.

Maana yake ni kwamba pwani yaweza kuwa na chaza wakubwa wengi huku kizazi kinachofuata hakipo, na watu wasigundue mpaka wakubwa wale wamalizike.

Haya yaliwafika wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, kusini magharibi mwa Ufaransa. Ghuba hiyo imeishi kwa ufugaji wa chaza tangu karne ya 19. Miaka ya 1970 boti za starehe ziliongezeka, na wenye boti walizipaka chini rangi yenye sumu inayozuia viumbe visiote. Rangi hiyo ilikuwa na mchanganyiko wa bati uitwao tributilini. Kuanzia mwaka 1977 na kuendelea, vitoto vya chaza karibu vyote vilipotea, mwaka baada ya mwaka. Chaza wakubwa nao waliharibika: maganda yalivimba na kufanya vyumba vyumba vilivyojaa ute kama uji, na nyama ikawa kidogo. Mavuno yaliyokuwa tani 10,000 na zaidi kwa mwaka yalishuka hadi tani 3,000 hivi mwaka 1981.

Watafiti wa Ufaransa, akiwemo Claude Alzieu, waliifuatilia sababu mpaka wakaifikia rangi ile. Januari 1982 Ufaransa iliipiga marufuku kwa boti zenye urefu chini ya mita 25. Vitoto vya chaza vilianza kurudi mwaka huo huo. Hapa pana zingatio kubwa: hakuna dawa waliyopewa chaza. Kilichowaponya ni kuondolewa kwa sumu pale ilipokuwa ikitokea.

Konokono waliokosa uzazi

Upande wa pili wa mlangobahari, katika pwani ya Plymouth, Uingereza, mtafiti Stephen Blaber aliona mwaka 1970 jambo geni kwa konokono mdogo wa mawe ya pwani: majike walikuwa wameota kiungo cha kiume. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kuthibitisha kwamba sababu ni rangi ile ile ya boti. Kiungo kile kilipokua zaidi kiliziba njia ya mayai, mayai yakabaki tumboni, na jike akafa nayo. Konokono huyu hana mabuu yanayoelea na maji, hivyo akiisha mahali hawezi kurudi haraka kutoka pwani nyengine. Karibu na maegesho ya boti alitoweka kabisa.

Kiasi kilichotosha kuanzisha balaa hilo ni nanogramu 1 katika lita ya maji. Ili kufahamu udogo wake, chukua gramu 1 ya sumu na uigawe katika magari 100,000 ya kubebea maji, kila gari lita 10,000. Maji ya kila gari yatakuwa na sumu ya kiwango hicho.

Uingereza nayo iliipiga marufuku rangi hiyo kwa boti ndogo mwaka 1987. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza kwa meli zote ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi Septemba 2008. Konokono wamerudi katika pwani nyingi za Ulaya. Jamaa wa karibu wa konokono hao wapo pia katika mawe na miamba ya pwani zetu.

Kuwa mzima si dalili ya kuwa salama

Kuna kosa moja ambalo ni rahisi kuliingia, nalo ni kusema: "Kama maji haya yangekuwa na sumu, wanyama hawa wangekufa." Mfano wa kulijibu uko Cornwall, Uingereza, katika kijito cha bahari kiitwacho Restronguet. Kwa miaka mingi sana maji ya migodi ya shaba na bati yaliteremka hapo, na tope lake likajaa metali. Mwaka 1971 watafiti Bryan na Hummerstone walionesha kwamba minyoo ya tope hilo ilikuwa imeizoea shaba. Ilistahamili kiasi ambacho kiliwaua minyoo wa jinsi hiyo hiyo kutoka mahali safi. Lakini minyoo hiyo haikuwa safi: miili yake ilikuwa na shaba nyingi mno.

Kwa hiyo mnyama aweza kuwa hai, mwenye nguvu na mnono, naye amebeba mzigo wa metali. Samaki au ndege akimla, mzigo humhamia yeye.

Kwa binadamu, tukio linalojulikana zaidi ni la Minamata, Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi. Zebaki hiyo iliingia kwa chaza, kome na samaki, na kutoka kwao ikawaingia wavuvi na familia zao. Maradhi yalitangazwa rasmi Mei 1956: watu walipoteza nguvu za viungo, kusema na kuona, na watoto walizaliwa na ulemavu ingawa mama zao wengine walionekana wazima. Watu wale walikuwa wakila kitoweo kibichi na kilichopikwa, na kupika hakukuwakinga.

Wenye kudhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba. Zebaki hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadimi hujikusanya katika figo kwa miaka mingi.

Metali hizi hutoka wapi katika visiwa vyetu?

Hatuna migodi wala viwanda vikubwa kama vya Minamata, alhamdulillah, na hatuandiki haya ili watu wakikimbie kitoweo cha bahari. Lakini vyanzo vidogo vidogo viko karibu na nyumba zetu:

1. Betri za gari, pikipiki na sola. Kila betri ya gari ina kilo kadhaa za risasi. Ikipasuliwa ufukweni na asidi yake kumwagwa, risasi huingia mchangani. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanalijua vyema dhara la risasi kwa watoto wao.

2. Betri ndogo za tochi na redio, taa za tubu na vifaa vya umeme vilivyokufa, vinapotupwa au kuchomwa moto katika jaa lililo karibu na bahari. Moto hauimalizi metali. Huiacha katika jivu, na mvua hulichukua jivu mpaka pwani.

3. Rangi za vyombo. Wazee wetu waliyapaka majahazi yao deheni, ambayo ni chokaa na mafuta, na mbao wakazipaka sifa. Leo boti nyingi hupakwa chini rangi za dukani zenye shaba. Rangi kuukuu inapokwanguliwa ufukweni, unga wake hubakia pale pale ambapo kombe hukaa.

4. Chubwi za risasi zinazopotea baharini, na wale wanaoyeyusha risasi ya betri nyumbani ili wazitengeneze. Moshi na vumbi lake ni hatari kwa watoto wa nyumba hiyo kabla hata ya kufika baharini.

5. Krimu na sabuni za kujichubua zenye zebaki. Hudhuru anayezipaka, kisha maji ya kuogea huipeleka zebaki katika mitaro na hatimaye baharini.

Tufanye nini?

Kwanza, chagua mahali. Usiokote chaza, kombe wala kome karibu na bandari, gereji, midomo ya mitaro, majaa ya taka, au sehemu ambapo vyombo hukwanguliwa na kupakwa rangi. Nenda pwani yenye maji yanayopita vizuri, mbali na mji. Chaza wanaoota kwenye nguzo za gati wasiliwe.

Pili, usitegemee kuwaweka chaza katika maji safi usiku mmoja. Hilo ni zuri kwa kutoa mchanga, na hupunguza vijidudu. Metali hutoka polepole sana, kwa wiki na miezi.

Tatu, ondoa matumbo. Katika kaa, kadimi hujikusanya zaidi kwenye ile nyama laini ya rangi ya kahawia iliyo chini ya gamba la mgongo kuliko katika nyama nyeupe ya magando na miguu. Pweza na ngisi nao hujikusanyia kadimi tumboni. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinaruhusu kadimi isiyozidi miligramu 2 kwa kilo ya pweza au ngisi, na vinasema wazi kuwa kipimo hicho ni cha mnyama aliyeondolewa matumbo. Mama mjamzito na watoto wadogo wapewe nyama nyeupe.

Nne, badilisha kitoweo. Siku chaza, siku dagaa, siku kunde. Asiyekula kitu kimoja cha mahali pamoja kila siku hukusanya metali kidogo zaidi.

Tano, betri kuukuu isitupwe wala isipasuliwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu huinunua, nayo iuzwe nzima na asidi yake ndani. Fundi wa boti atandike turubai chini anapokwangua rangi, akusanye unga wote na asiuache ufukweni.

Sita, kijiji kinachoona alama mbaya, kama chaza kutoweka au maganda kuharibika, kipeleke habari kwa afisa wa uvuvi, kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar au kwa mamlaka zinazohusika mahali pao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina makao yake Unguja. Kina mama wa Fumba na Bweleo wanaofuga chaza wa lulu ni mfano kwamba waokotaji wakijipanga hulinda pwani yao na kunufaika nayo.

Upande wa sheria

Asili ya kitoweo cha bahari ni halali, kama ilivyobainishwa katika Suratul Maida, aya ya 96. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa visiwani tunayafuata, uhalali huo unawaingiza chaza na mfano wao, na Mahanafi wameuhusisha na samaki tu. Chaza hawi haramu kwa dhati yake kwa kuwa ameishi katika maji machafu. Lakini wanachuoni wameeleza kwamba kitu kinachothibitika kudhuru mwili hakifai kuliwa kwa sababu ya dhara yake, hata kama asili yake ni halali. Palipopimwa na wataalamu wakasema pana sumu, basi kuwaokota wanyama wa hapo na kuwalisha watoto haifai.

Hukumu hiyo inamgusa na muuzaji. Tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani pana unyevu uliofichwa, na akamkemea mwenye kuuza. Anayeuza chaza wa nguzo za gati kwa kudai kuwa ni wa pwani safi anaficha aibu ya bidhaa yake, na aibu hii mnunuzi hawezi kuigundua kwa jicho wala kwa pua.

Na anayetupa betri ufukweni asidhani kwamba ni jambo dogo. Ikiwa kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani, basi vipi kuhusu kuweka sumu katika riziki ya jirani? Kanuni ya fiqhi kwamba madhara huondolewa haikuweka mpaka kwa madhara yanayoonekana tu. Mtu atapata thawabu kwa betri moja aliyoiokota pwani na kuipeleka panapostahiki, inshaAllah.

Mas-ala ya pwani maalumu hayajibiwi kwa kukisia. Waulizeni wataalamu wapime, kisha waulizeni masheikh wenu juu ya hukumu yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atubarikie riziki zetu, awalinde watoto wetu, na atujaalie kuwa waangalizi wema wa bahari aliyotuamini nayo.

Wallahu a'lam.